Nguo Hii Imepimwa kwa Mwili wa Nani? Usanifu na Kampuni Changa Zetu

Neno "ubunifu" katika Kiswahili cha leo limebebeshwa mizigo miwili. Mzigo wa kwanza ni uvumbuzi, yaani kuleta jambo ambalo halikuwapo. Mzigo wa pili ni usanifu, yaani kulipa jambo hilo umbo, mpangilio na namna ya kutumika, hata mtu aliyekusudiwa aweze kulishika mkononi na kulitumia bila kufundishwa siku tatu. Mtu anaweza kuvumbua asisanifu, na anaweza kusanifu vizuri bila kuvumbua chochote. Tangu 2019 nchi yetu ina mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, MAKISATU, na Tume ya Sayansi na Teknolojia imewalea vijana wenye vipaji vya kweli. Lakini sikiliza tunavyouzungumzia ubunifu katika majukwaa ya namna hiyo. Utaona mzigo wa kwanza ndio unaopigiwa makofi. Wa pili ameachiwa kijana wa kuchora nembo, ambaye huitwa wiki ya mwisho na kuambiwa aweke rangi kidogo ipendeze.

Hoja yangu katika makala haya ni kwamba hapo tumeanzia mwisho, na kwamba kosa hilo linatugharimu fedha za umma na miaka ya vijana. Fundi cherehani hupima kabla ya kukata. Usanifu ndicho kitendo cha kupima, na kwa kampuni changa ndio wakati inapoamua maisha ya nani yatachukuliwa kuwa kipimo: kipato cha nani, lugha ya nani, simu ya nani, muda wa nani. Uamuzi huo ni wa kisiasa hata pale walioufanya wanapodhani wamechagua tu rangi ya kitufe.

Wapo watakaosema hizi ni anasa za wenye ofisi za vioo. Historia ya pwani yetu inasema vingine. Kabla ya kanga kuwa kanga, wanawake wa Zanzibar na Mombasa katika karne ya 19 walikuwa wakinunua leso za kuchapwa, ambazo jina lake lilitoka kwa Wareno, zikiuzwa kwa kukatwa kutoka katika jora. Inasimuliwa kwamba badala ya kuzitumia mojamoja, wanawake walikata vipande vya leso tatu tatu, wakavishona pamoja, wakapata nguo moja pana ya kujifunga. Wafanyabiashara wakaona. Wakaenda kuagiza nguo iliyochapwa nzima kwa ukubwa huo. Baadaye umbo likatulia: pindo kuzunguka, mji katikati, na jina, yale maneno ambayo kwanza yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu kabla ya herufi za Kirumi kushika nafasi. Duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanza Mombasa 1887, lilijulikana kwa alama ya "Mali ya Abdulla", na wengi humtaja mwenyewe kuwa ndiye aliyeeneza desturi ya kutia maneno.

Nataka tukae hapa kidogo, maana kuna somo ambalo vitabu vyetu vya ujasiriamali huliruka. Msanifu wa kwanza wa kanga alikuwa mnunuzi. Mwanamke mwenye sindano ndiye aliyejua upana unaotosha kiunoni na kichwani, na kwamba kipande kimoja hakitoshi, ndiyo maana mpaka leo kanga huuzwa kwa doti. Ustadi wa mfanyabiashara ulikuwa kutazama watu wanafanya nini na bidhaa yake kinyume cha alivyokusudia, kisha kukubali kwamba wao ndio waliokuwa sahihi. Na jina la kanga, hilo neno moja linalomwezesha jirani kusema asichoweza kusema kwa mdomo, halikuwa pambo. Lilikuwa matumizi mapya kabisa ya nguo. Tazama biashara imedumu miaka mingapi.

Mfano wa karibu zaidi tunao mfukoni. Oktoba 2005, kampuni za Vodafone na Safaricom zilianza kujaribu huduma ya fedha kwa simu katika Nairobi na Thika, zikishirikiana na taasisi ya mikopo midogo ya Faulu. Waliosimamia kazi hiyo, Nick Hughes na Susie Lonie, walikuwa na lengo lililo wazi: mkopaji apokee mkopo na kulipa marejesho kupitia simu, asilazimike kufunga kibanda chake kwenda mkutanoni na fedha taslimu. Wakopaji mia chache wakapewa simu na maelekezo.

Kilichotokea kinafanana mno na kisa cha leso. Watu walipokea fedha, kisha wakawatumia watu wengine. Wengine waliwanunulia jamaa zao wa kijijini muda wa maongezi. Wengine waliweka fedha kwa wakala jioni wakazitoa asubuhi, kwa sababu usiku si rafiki wa mwenye fedha. Mwenye safari aliweka fedha alikotoka akazichukua alikofika. Huku nyuma, ile kazi ya marejesho ya mkopo, iliyokuwa sababu ya mradi wote, iliwapa wakopeshaji mzigo wa kuoanisha hesabu za simu na vitabu vyao. Wasimamizi wangeweza kusema watumiaji wamekosea, wakaandaa semina ya kuwafundisha matumizi sahihi. Tunazijua semina hizo. Wao waliuweka mkopo kando. Machi 2007 M-Pesa ilipozinduliwa nchini Kenya ilikuja na ahadi moja tu ambayo hata mtoto angeweza kuirudia: tuma pesa nyumbani.

Ukikichambua kile kilichozinduliwa, utaona maamuzi mengi madogo ya usanifu, na kila moja lilimtazama mtu fulani usoni. Menyu ilikaa ndani ya laini ya simu, kwa hiyo simu ya kitochi ilitosha. Kuweka fedha kulikuwa bure, kwa kuwa mtu mwenye shaka hulipishwi kiingilio. Pande zote mbili zilipata ujumbe mfupi papo hapo, na ujumbe huo ukawa risiti, ushahidi, na mara nyingi utulivu wa moyo. Mpokeaji asiyesajiliwa aliweza kupokea. Wakala alikuwa mwenye duka la mtaani ambaye mteja alishamzoea kwa sukari na sabuni, na kwenye kaunta palikuwa na daftari ambalo mteja alitia sahihi kwa mkono wake. Daftari hilo kwa mhandisi ni ujinga, maana kompyuta imeshaandika kila kitu. Kwa mama aliyekuwa anakabidhi akiba ya mwezi kwa kitu asichokiona, kalamu na karatasi vilimpa pa kushika.

Msomaji makini atanikatiza hapa: M-Pesa haikuwa kampuni changa ya vijana watatu na kompyuta mpakato. Ilizaliwa ndani ya kampuni kubwa, na sehemu ya gharama za majaribio ililipwa na serikali ya Uingereza kupitia mfuko wake wa maendeleo. Ni kweli, na ni vyema kuikumbuka kila tunapoambiwa kwamba uvumbuzi hutoka sokoni peke yake. Lakini huduma yenyewe ilikuwa changa, na ukubwa wa mwenye mali haukuilinda. Vodacom ilipoileta Tanzania 2008, jina lilikuwa lilelile na wazo lilelile, ila ukuaji wa mwanzo ulikuwa wa kujikokota ukilinganisha na wa Kenya. Nchi yetu ni pana, maduka yametawanyika, na namna ya kuwapata na kuwasimamia mawakala ilibidi ibadilishwe hadi iendane na mazingira hayo. Nguo iliyoshonewa Nairobi ilihitaji kupimwa upya ilipofika Singida.

Anayetaka mfano usio na kampuni kubwa nyuma yake alitazame jiko la mkaa lenye kikombe cha udongo ndani ya bati, lililosambaa kutoka Kenya katika miaka ya 1980. Wazo la awali lilitoka Thailand. Mafundi wa jua kali hawakulichukua lilivyo. Walilibana kiunoni na kulipanua kitako, likasimama imara wakati ugali unasongwa, na kasoro za matoleo ya kwanza, kama udongo kupasuka, zikarekebishwa huku majiko yakiuzwa. Bati lilikuwa chakavu la kawaida, na vibanda vilivyouza jiko la zamani ndivyo vilivyouza jipya. Hakuna aliyehitaji kufundishwa namna ya kuliwasha.

Sasa nirudi kwetu, vyuoni. Mwaka jana niliketi miongoni mwa majaji wa shindano moja la wanafunzi ambalo sitalitaja. Kikundi kimoja kilileta programu ya simu ya kumuunganisha mkulima wa vitunguu na mnunuzi wa mjini. Kazi ya kiufundi ilikuwa safi, kuliko mingi niliyoiona kutoka kwa watu wanaolipwa mshahara. Menyu ilikuwa ya Kiingereza. Kujisajili kulihitaji barua pepe. Ramani ilihitaji simu janja na bando la kutosha. Nikawauliza mkulima huyu hufungua barua pepe yake saa ngapi. Wakatazamana. Nikauliza ni wakulima wangapi wamezungumza nao. Mmoja akajibu, kwa unyofu uliomstahilia heshima, kwamba mjomba wake ni mkulima. Walipata nafasi ya pili, alama zangu zikiwa zimezidiwa na za wenzangu.

Sikuwalaumu wala siwalaumu. Wanafunzi wale walisanifu vizuri sana, ila walimsanifia jaji. Nguo ilipimwa kwa mwili wa jaji, na ilimkaa jaji barabara. Kiingereza kilikuwa cha jaji. Simu janja ilikuwa ya jaji. Hata vitunguu vilikuwa vya jaji, vile vilivyokwisha kumenywa. Na tukiwa wakweli, katika mazingira ya sasa huo ulikuwa uamuzi wa busara, kwa sababu kampuni changa nyingi za kwetu hulipwa na mfadhili kabla hazijalipwa na mteja. Mfadhili husoma andiko la mradi na kutazama wasilisho la dakika tano. Akiridhika, hutoa ruzuku. Mteja wa kweli atatokea baadaye, au hatatokea. Mbuzi hula kulingana na urefu wa kamba yake, na kamba ya kijana huyu imefungwa kwenye nguzo ya mfadhili. Ruzuku ikiisha, kampuni huisha, nasi huandika ripoti kwamba vijana hawana nidhamu ya biashara.

Kuna upande mwingine wa jambo hili ambao wahubiri wa usanifu hawapendi kuutaja. Kumjua mtumiaji si sawa na kumtakia mema. Wanaomjua Mtanzania wa kipato cha chini kuliko kampuni yoyote iliyopita katika mashindano yetu ni wenye programu za mikopo ya mtandaoni, hizi ambazo mitaani zimepewa jina la kausha damu. Tazama zilivyosanifiwa. Zinazungumza Kiswahili, tena cha mtaani. Hazidai dhamana wala mdhamini wala barua ya mtendaji wa kata. Zinapatikana saa saba usiku, saa ambayo mtoto ana homa na hakuna benki iliyo wazi. Kitufe cha kukubali ni kikubwa na cha kijani; riba na siku za marejesho zimeandikwa kwa herufi za kuomboleza. Njiani programu inaomba ruhusa ya kusoma majina yaliyomo kwenye simu yako, nawe unabonyeza kwa sababu mtoto bado ana homa. Ukichelewa kulipa, mkubwa wako wa kazi, mchungaji wako na mama mkwe wako wanapokea ujumbe kwamba wewe ni tapeli.

Hakuna kasoro ya usanifu hapo. Usanifu umefanya kazi yake kikamilifu. Walipima mwili wa mtu sawasawa, kisha wakamshonea kitanzi. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila leseni, na Kenya nayo ilikuwa imeshawaweka wakopeshaji wa kidijitali chini ya leseni ya Benki Kuu kwa kanuni za 2022. Ni hatua za lazima. Lakini leseni hukagua aliye nyuma ya mlango. Haikagui mlango ulivyotengenezwa. Mdhibiti anayesoma mikataba bila kuishika simu na kubonyeza kitufe kwa kitufe, kama anavyobonyeza mkopaji mwenye haraka, atasoma mengi na kuona machache.

Ndugu zangu watumishi wa umma mnaosoma hapa, nanyi ni wasanifu, ijapokuwa hakuna aliyewapa cheo hicho. Serikali ilipoanzisha tozo ya miamala ya simu Julai 2021, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala, kuna watu walikaa mezani wakapanga jedwali. Kelele zilipozidi, tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30 mwaka huohuo. Sitaki kuufufua mjadala wa kodi. Nakumbusha tu kwamba kijana aliyejenga biashara yake juu ya malipo madogo madogo, ya shilingi elfu mbili au tatu, aliamka siku moja akakuta msingi umehamishwa, na hakuna jedwali la Hazina lililokuwa na mstari wenye jina lake.

Ama mikopo ya halmashauri. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Utoaji ulisitishwa 2023 ili utaratibu upangwe upya, ukarejea 2024. Nia ni njema na fedha ni halisi. Lakini kwa kawaida mkopo hutolewa kwa kikundi, na kikundi ni umbo lililoazimwa kutoka kwa akina mama wa vikoba, ambao wanakaa mtaa mmoja, wanajuana hadi makaburi, na wanafanya biashara zinazofanana. Umbo hilo ni bora kabisa kwao. Mlazimishe kijana mwenye karakana ya kutengeneza viungo bandia aingie humo, naye atafanya ambalo kila mtu anajua linafanyika: atakusanya majina ya rafiki zake, wataandika katiba, watapiga picha ya pamoja, na mkopo ukitoka watagawana na kuachana. Afisa maendeleo ya jamii anajua. Mkurugenzi anajua. Mkaguzi atakuja kuandika kwamba vikundi ni hewa. Anayeshtakiwa hapo ni kijana, huku fomu yenyewe haijawahi kuitwa kutoa maelezo.

Nini kifanyike? Sina mpango mkakati wa kurasa mia. Jambo la kwanza ni kulipia wiki za kupima. Ruzuku zetu hulipia kompyuta, programu na uzinduzi wenye keki. Nauli ya kwenda kukaa siku kumi sokoni Ilula kutazama nyanya zinavyopakiwa, zinavyokadiriwa kwa macho, na nani anashika fedha, huonekana kama matembezi. Ifanywe kuwa kifungu cha bajeti chenye jina lake. La pili ni kuacha kumtenga msanifu. Chuo Kikuu cha Nairobi kimekuwa kikifundisha usanifu kama taaluma kamili kwa miongo kadhaa, na mafundi wa samani wa Keko wanaufanya kila siku bila cheti. Kwetu mwanafunzi wa kompyuta anaweza kuhitimu bila kuketi hata mara moja na mtu asiyejua kusoma akamtazama anavyohangaika na menyu aliyoitunga yeye. Dakika kumi za aibu hiyo humfundisha kuliko mhadhara wangu wa saa mbili.

Kwa wanafunzi wangu nina neno dogo la vitendo. Mkishapata wazo, kabla ya kuandika mstari mmoja wa programu, tengenezeni kitu hicho kwa karatasi. Chora kila ukurasa wa simu kwenye kadi. Mpelekee mtu mnayesema mnamtengenezea, mwambie abonyeze kwa kidole, nawe ubadilishe kadi kwa mkono. Usimweleze. Ukijikuta unaeleza, andika ulipoelezea, maana hapo ndipo usanifu umeshindwa. Na akitumia kadi zako kwa jambo ambalo hukulikusudia, usimsahihishe. Kumbuka leso.

Katika kikao cha idara nimependekeza kwamba mradi wa mwaka wa mwisho usipokelewe mpaka uambatane na maelezo ya watu watano waliojaribu kuutumia, wasio wanafunzi wala jamaa wa mwanafunzi, na mambo gani yalibadilishwa kwa sababu yao. Wenzangu wawili wameafiki. Wa tatu amesema muda hautoshi. Muhula una takriban wiki 15, na daladala za Kariakoo huanza kupita getini kwetu kabla jua halijachomoza.